"Mwisho wa siku" ni saa ngapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Kilindini. Bosi alituandikia: "At the end of the day, the client wants his container out." Nikatazama tafsiri kwenye simu, nikampigia dereva wa trela: mwisho wa siku mteja anataka kontena lake. Akatokea magharibi, karani keshakwenda zake, na mzigo ukalala bandarini kwa gharama yetu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Dereva msimlaumu. Kwetu siku huisha jua likitua, ndiyo maana Alhamisi baada ya magharibi wazee wanauita usiku wa Ijumaa. Umemwambia mwisho wa siku, naye kaja mwisho wa siku.

Bosi wako hakutaja saa kabisa. Alisema: tumeshavutana kuhusu ada, makaratasi na trela, lakini yote tisa, kumi mteja anataka mzigo wake. Angekuwa anaweka muda angeandika "by the end of the day", na kwa watu wa ofisi hiyo ni kabla ya kufunga kazi, wala si adhana ya magharibi. Ila usiikariri "at" kama kanuni. "We'll meet at the end of the day" ni jioni kweli. Tazama kinachoambatana nayo: ni jambo linalopangiwa wakati, au ni uamuzi baada ya kupima mambo?

Kinachonichosha ni jibu la "lakini Mwalimu, mbona redioni wanasema 'mwisho wa siku' kwa maana hiyo?" Wanasema, naam. Waingereza wenyewe umewakinai: mwaka 2004 shirika la Plain English Campaign liliwauliza wafuasi wake wapatao 5,000, wakautaja kuwa msemo unaokera kuliko yote. Sisi tukauokota. Wala usikimbilie "hatimaye" kila mahali. "Hatimaye mteja anataka kontena" maana yake jana alikuwa halitaki. Hapo "la msingi" lingekutosha.

Simu haijui bosi wako alikuwa akibishana na nani. Wala hawajui hao wa vibanda vya saiba waliobandika "tafsiri za mikataba, dakika tano". Wanaimwagia simu maneno, wanachapisha, wanapiga muhuri waliojichongeshea, na mtu analipa. Kiingereza cha ofisini kimejaa misemo ya namna hii, na karatasi ikishatiwa saini huwezi kusema ulielewa vingine. Mwezi uliopita mama mmoja wa Kisauni aliniletea makubaliano yake ya nyumba. Kwa Kiingereza mpangaji alitakiwa "foot the bill", yaani alipe yeye. Kwa Kiswahili cha kibandani: "mpangaji ataitia bili mguu." Keshasaini. Akaniuliza huo mguu ni wa nani, na bili yenyewe ilikuwa ya kuezeka paa zima upya.