Kuziba mapengo katika boti ya faiba

SWALI: Ninakarabati boti ya zamani ya faiba, na kwenye sehemu inayozama majini kuna mapengo yanayopenya hadi ndani. Je, pati ya magari inafaa? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Haifai kabisa, ndugu msomaji, kwa sababu pati hiyo hunyonya maji na haina nyuzi za kubeba mzigo wa mawimbi. Ondoa kwanza faiba yote iliyoharibika, kisha chonga kingo kwa mteremko mrefu: ukuta wa milimita 5 unahitaji mteremko wa takriban milimita 60, kwani nguvu ya kiraka hutokana na upana wa eneo kinaposhikana na faiba ya zamani. Hapo usifanye haraka. Boti ikishakauka barabara, futa kwa asetoni (kiyeyusho cha kuondoa mafuta na uchafu), paka epoksi tupu (gundi ya resini iliyochanganywa na kigumu chake, bila unga), halafu bandika vitambaa vya faiba tabaka kwa tabaka. Epoksi iliyokolezwa kwa unga wa silika ni ya mashimo madogo tu, nayo isijazwe nene kwa mara moja, maana huchemka na kupasuka, hasa katika joto la pwani. Vaa barakoa ya vumbi unapopiga msasa.