Karata ya tarehe ya kuzaliwa

Dada, umeuliza kama taroti, zile karata za picha za kubashiria, itakufunulia tabia ya mchumba wako kwa tarehe yake ya kuzaliwa. Hesabu ni rahisi: jumlisha tarakimu zote. Wa 14/8/1995 anapata 37, halafu 3+7 ni 10, yaani karata namba 10, Gurudumu la Bahati, mojawapo ya karata kuu 22 kati ya 78. Lakini watoto wote waliozaliwa hospitali ya Pumwani, Nairobi, siku hiyo wana karata hiyohiyo, na sidhani wanafanana! Taroti yenyewe ilianza Italia karne ya 15 kama mchezo tu. Ubashiri ulishika kasi Ufaransa karne ya 18. Mimi humwonyesha mtu picha ya karata nikamuuliza anaona nini. Hapo huongea mwenyewe.