Usiangalie ushindi peke yake

Ndugu, nimekuelewa: profesa kawapa kazi ya kupendekeza vyuo vya kuongeza kwenye Pac-12, ligi ya michezo ya vyuo vya Marekani, nawe orodha umeipanga kwa wingi wa ushindi. Ipangue.

Anza na hesabu. Mwaka 2024 vyuo kumi viliondoka, vikabaki Oregon State na Washington State. Kanuni inataka angalau vyuo vinane vyenye futiboli ya Kimarekani. Chuo cha Gonzaga ni moto kwenye mpira wa kikapu, ila futiboli hawana, kwa hiyo kwenye wale wanane hawahesabiki. Ndiyo maana chuo cha Texas State kilihitajika, kiwe cha nane chenye futiboli.

Halafu fungua ramani uone umbali wa safari. Mimi nilicheza mpira wa wavu chuoni huku. Mtihani mmoja niliufanyia sakafuni uwanja wa ndege, kompyuta mapajani, ndege imechelewa. Wanafutiboli husafiri mara chache kwa msimu. Sisi wengine ndio tulioumia.

Pesa za televisheni zina uzito pia: chuo cha SMU kilikubali kukosa mgawo wake wa pesa hizo miaka tisa ili tu kiingie ACC, ligi nyingine ya vyuo. Na faini za kuhama ligi usizikisie. Muulize mhadhiri wa sheria ya michezo.