Elfu kumi na sita ndani ya kopo

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: "Ukiwa unapokea ruzuku ya serikali na hali ya kaya yako ikabadilika, utakwenda kusema mwenyewe au utasubiri waje wakuhakiki?" Nilikuwa nimeshalipita, nimefika kurasa za michezo. Kilichonirudisha ni majibu mawili mliyoyatanguliza. Yote mawili yanasema anayekaa kimya ni mwizi wa mali ya umma, na la pili linataka majina yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Masikio yakapata moto. Mimi sijawahi kuwa mlengwa wa mpango wowote. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka kadhaa nilifundisha huko juu Newala, mkoani Mtwara, katika kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu zitakazoonekana huko mbele.

Nianze kwa kuwatetea wanaonyamaza. Nadhani ndugu zangu wale wawili wakisikia "mabadiliko" wanamfikiria mtu aliyepata ajira mjini na bado anapanga foleni na wajane. Kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao kijijini kila mtu anauita TASAF basi, kwa jina la mfuko wa serikali unaousimamia, mabadiliko ni karibu kila kinachomtokea binadamu. Mtoto kazaliwa, ni mabadiliko. Babu kafa, ni mabadiliko. Binti kaolewa, kijana kamaliza la saba, mjukuu kahama shule, mwakilishi wa kaya anaumwa miguu hawezi kufika kupokea, familia imehamia kijiji cha pili. Yote hayo yapelekwe kwenye kamati, yajazwe fomu, yapite kwa mtendaji, yafike halmashauri, ndipo orodha ya malipo ibadilike.

Na kila badiliko lina bei yake. Mwaka 2016, ninaouzungumzia, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa kaya kwa mwezi. Kaya yenye mtoto iliongezewa 4,000, na kila mwanafunzi wa shule ya msingi alileta 2,000 zake, mradi ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Malipo yalikuja kila baada ya miezi miwili. Kwenye makaratasi jambo hili linaitwa uhawilishaji fedha, neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwa mtu aliyezipokea hizo fedha.

Halafu kuna mabati. Mpango wenyewe unamhimiza mtu afuge kuku, anunue mbuzi, aezeke nyumba. Akiezeka tu, jirani anaanza kuhesabu mabati. Nimewahi kuingia nyumba ya nyasi nikakuta mabati 12 yameegemezwa ukutani na kufunikwa mkeka, mvua inanyesha, na mwenye mabati ametega sufuria chini ya tone. Alikuwa anasubiri uhakiki upite, asije akahesabiwa kuwa si maskini tena. Huyo mtamwita mwizi wa nini? Wa mvua?

Linganisha na Zanzibar. Tangu Aprili 2016 mzee aliyetimiza miaka 70 kule analipwa Pensheni Jamii, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Hakuna anayemuuliza ameezeka kwa nini, wala kama mwanawe aliyeko Muscat anamtumia chochote. Badiliko lake la kuripotiwa ni moja tu, na hilo hatakwenda kulisema yeye. Kwa hiyo wazee wa Unguja na Pemba msiwasifu kwa ukweli wao kuliko wa Newala. Hawajapewa cha kuficha.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia, kwa kweli. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemficha bibi.

Alikuwa anaishi na wajukuu wawili, msichana wa darasa la nne na mdogo wake wa kiume wa darasa la pili. Mama yao alishafariki. Kila malipo alipokea 36,000, yaani 18,000 za kila mwezi mara mbili. Januari 2016 shule zilipofunguliwa watoto hawakuonekana. Wiki ya pili akaja mwenyewe, asubuhi, amebeba sare mbili zilizofuliwa na kukunjwa vizuri. Shuleni mimi ndiye niliyekuwa najaza fomu za mahudhurio ya watoto wa walengwa, na yeye alilijua hilo, kwa hiyo hakupita kwa mwalimu mkuu. Alinifuata moja kwa moja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kuandikisha. Watoto hawapo."

"Wanaumwa?"

"Baba yao kaja, kawachukua kwenda Tunduru. Kaoa huko. Kasema hawarudi. Sare hizi bado nzima, mpe mwenye shida. Na majina yao uyatoe kule kwenye karatasi za TASAF, nisije nikala cha watoto ambao hawalali kwangu."

Nikapiga hesabu ya haraka kichwani. Bila watoto angebaki na 20,000 kwa miezi miwili. Shilingi 16,000 zinakwenda, na huko juu hata maji watu wananunua kwa ndoo. Isitoshe, akina baba wa namna ile nilikuwa nawajua. Wanachukua watoto msimu wa korosho ukiisha na mfuko una kitu, na mwezi wa tatu wanawarudisha na basi la usiku. Nikamwambia, "Bibi, tulia kwanza. Watarudi hawa."

Akanitazama. "Wakirudi si utawaandika tena? Kalamu si unayo?"

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha. Fomu ilipokuja nikawatia alama ya kuhudhuria, wote wawili. Nilijiona mtu mwema sana siku ile, na nakumbuka hata nilivyotembea kurudi nyumbani.

Siku ya malipo ya wakati ule mnaijua ilivyokuwa: wawezeshaji wa halmashauri wamekaa mezani, askari na bunduki yake kivulini, akina mama na vitambulisho mkononi, dole gumba kwenye wino. Jioni yake bibi akagonga nyumbani kwangu, pale nyumba za walimu. Alikuwa amefungua fundo la kanga na ameshazitenga 16,000 pembeni. Hajui kusoma. Nilimuuliza amejuaje ni kiasi gani hasa.

"Mwenzangu wa kule bondeni anaishi peke yake, kapewa elfu ishirini. Na mimi naishi peke yangu, nimepewa thelathini na sita. Hizi zilizozidi za nani?"

Nikamwambia azitunze. Kuzichukua nisingeweza, na kuzirudisha kwa mlipaji kungekuwa kumpa karatasi yangu aisome upya. Akaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga lililokwisha. Alikwenda pia kwa mjumbe wa kamati, kama inavyotakiwa. Mjumbe, naye hana kosa, akamwambia karatasi ya shule inaonyesha watoto wapo, alete neno kutoka shule. Neno kutoka shule nilikuwa mimi. Akarudi. Nikamwambia tena asubiri kidogo.

Malipo ya pili, 16,000 nyingine kwenye kopo. Ya tatu vilevile. Katikati ya hayo alikuwa anakuja kwangu kukopa chumvi. Chumvi! Ana 32,000 ndani, anakopa chumvi kwa mke wangu na kuirudisha ikiwa imefungwa kwenye jani. Nikimtania kwamba yeye ni tajiri anajifanya maskini, hacheki. Mke wangu ndiye aliyechoka kwanza. Usiku mmoja akaniambia, "Yule mama halali kwa ajili ya kopo lako." Nikamjibu kwamba kopo ni la bibi. Akageukia ukutani.

Sikuwa nimesema habari ya Aprili. Mwalimu wa kule Tunduru alipiga simu kuuliza barua ya uhamisho ya msichana, kwa kuwa alikuwa anakaa darasani bila jina lake kuwamo kwenye daftari. Mwalimu mkuu akanikabidhi niiandae. Barua inataka tarehe aliyoondoka, na tarehe ya kweli ilikuwa Januari. Fomu zangu zilisema Machi bado yupo. Nikasema nitaiandika wiki ijayo. Nikaisema hivyo wiki nyingi. Basi mtoto akawa na shule mbili: kwangu lilikuwepo jina lake, Tunduru alikuwepo yeye. Huo ndio wema wangu ulipofikia, na jambo hili sikuwahi kumwambia bibi.

Juni uhakiki ukapita. Walipofika kwake hawakuwa wameuliza hata swali la kwanza, akaingia ndani akatoka na kopo, akaliweka katikati ya mkeka. Shilingi 48,000, noti za elfu mbilimbili na elfu tanotano, zimenyooshwa. Nikaitwa. Kijana mmoja akafungua makaratasi yake.

"Mwalimu, hapa watoto wanahudhuria."

Nikasema nilinakili vibaya, nilichanganya na daftari la darasa jingine. Nilisema hivyo bibi akiwa amekaa hatua mbili kutoka miguuni pangu, mtu aliyeniambia ukweli mara nne. Angeweza kufungua mdomo. Alikuwa anatazama kopo. Wakamweleza kwamba watoto wataondolewa kwenye orodha na hesabu itawekwa sawa kwenye malipo yanayofuata, zile pesa azitunze tu. Akakataa katakata, akataka zihesabiwe palepale mbele ya mjumbe wa kamati na kuandikwa. Zikahesabiwa mara mbili. Akaweka dole gumba. Barua ya uhamisho niliiandika usiku uleule, yenye tarehe ya Januari.

Sasa nimekwama, Mhariri. Nilianza barua hii nikikusudia kusema wanaonyamaza waachwe, na nusu ya kwanza siifuti, bado naiamini. Lakini mtu wa pekee niliyemjua kwa karibu katika jambo hili hakunyamaza. Mimi ndiye niliyemnyamazisha, kwa huruma ambayo hakuiomba. Mmeuliza kama mlengwa aende akaseme. Ningependa mwulize pia anayeambiwa anafanya nini na neno alilopewa, kwa sababu huko ndiko kwetu linakofia, mikononi mwa watu kama mimi wenye kalamu na moyo mlaini.

Mkinibana nitoe jibu, basi: aende akaseme, na asikae na siri hiyo hata wiki. Aende kwenye kamati akiwa na mtu wa kushuhudia, na akiona mwalimu anamwambia "tulia kwanza" amkimbie. Hasa pale mtoto anapohama au mtu anapofariki, maana jina linaloachwa kwenye karatasi lina mwenyewe mahali fulani anayelihitaji. Kuhusu mabati sina msimamo huo. Leo akija yule mwenye mabati 12 akiniuliza, najua nitamwambia aezeke na akaseme. Na najua pia kwamba akiniambia ataezeka baada ya uhakiki, nitanyamaza. Mnaweza kuniita mnafiki. Suala la ubao wa ofisi ya kijiji ndilo nisilolikubali kabisa, na si kwa ajili ya jina langu peke yake.

Nilichotabiri kilitokea nusu. Januari 2017 baba yao alimrudisha yule mvulana. Msichana alibaki Tunduru. Bibi akampeleka mtoto kwanza kwa mjumbe wa kamati, akajaziwa fomu ya mabadiliko. Kisha akamtuma shuleni peke yake, na karatasi mkononi. Nilimuuliza bibi yuko wapi. Akasema bibi amebaki njiani, kasema kwa mwalimu aende mwenyewe.