Kabla hujaagiza sevo mota ya kutengenezewa, sikia yaliyonikuta Iringa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Arusha aliniandikia: "Shikamoo fundi. Natengeneza mashine ya kufungasha karanga. Kuna wauzaji wa nje wamekubali kunitengenezea sevo mota yangu mwenyewe, kwa vipimo vyangu. Nichukue kilowati ngapi?"

Nilimwitikia marahaba, nikaweka simu chini. Swali hilo la kilowati niliulizwa mimi mwaka 2021, nikalijibu haraka haraka, na jibu lile linaniuma mpaka leo. Ndiyo maana naandika kwa urefu badala ya kumtumia namba moja.

Natengeneza mashine Gerezani, Dar es Salaam, huu ni mwaka wa kumi na nne. Mwaka ule mama mmoja mwenye kinu cha sembe Iringa alinipa kazi ya mashine ya kufungasha unga wa kilo moja, mifuko 30 kwa dakika. Fremu, funeli na taya za kuchomea vilikwenda vizuri, sina la kusimulia huko. Kazi iliyobaki kwa sevo ilikuwa ni moja tu: kuvuta nailoni sentimita 30, kusimama hapo hapo, kungoja taya zichome na kukata, kisha kuvuta tena. Mota ya kawaida ukiizima inaserereka. Sevo ina enkoda mgongoni, kifaa cha kupima mzunguko, inayoiambia draivu (kisanduku cha umeme kinachoiendesha mota) shafti iko wapi kila wakati, na draivu inasahihisha. Kwa hiyo uamuzi wa kutumia sevo ulikuwa sahihi. Nilikosea kwenye kuichagua.

Pulei zangu zilikuwa zimeshachongwa, tundu milimita 20. Mota za kawaida za wati 750 nilizoziona kwenye katalogi zilikuwa na shafti ya milimita 19. Nikaona heri niagize mota ya shafti ya milimita 20, tena bila giaboksi ili kuokoa gharama. Muuzaji akaniuliza kilowati ngapi na shafti unene gani. Nikamjibu. Yeye hakuniuliza mzigo ukoje, na mimi sikumwambia. Nililipa, nikangoja wiki tisa.

Iringa tuliwasha mashine asubuhi. Kwa mwendo wa mifuko 10 kwa dakika ilikwenda kama maji. Tulipofika 30 ukaanza mlio kama nyuki ndani ya debe, mkanda ukatetemeka, na nailoni ikawa mara inapita alama, mara haifiki. Nikipunguza ukali wa draivu, mota inachelewa. Nikiuongeza, inatetemeka zaidi. Nilikaa siku tatu nabadilisha namba kwenye draivu ile, usiku nasoma kitabu chake kwa tochi ya simu.

Siku ya tatu mama alikuja, akaokota mfuko mmoja sakafuni. Jina la unga wake lilikuwa limechapwa kwa herufi nyekundu, na taya zilikuwa zimepita katikati yake: nusu ya juu ya herufi iko mfuko huu, nusu ya chini iko mfuko unaofuata. Akaupangusa unga kwa kiganja, akaniangalia. "Fundi, jina langu umelikata." Hakuongeza neno. Angenifokea ningepata nafuu.

Kilichonishinda kinaitwa inersha, yaani ule ubishi wa kitu kinachozunguka kukataa kuanza na kukataa kusimama. Mshike mtoto mkono mkimbie: ukisimama, naye anasimama. Shika kamba ya ng'ombe mkimbie: ukisimama, yeye bado anakwenda na wewe anakuburuta. Roli zangu za chuma, pulei na mikanda vilikuwa ng'ombe, na rota, ile sehemu inayozunguka ndani ya mota, kwa mota ya wati 750 ni nyembamba, nyepesi. Nilipokaa chini kupiga hesabu, kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla sijalipa hata shilingi, inersha ya mzigo ilikuwa karibu mara 30 ya ile ya rota. Kwa mashine inayosimama na kuondoka kila sekunde 2, mafundi wengi hutaka isizidi mara 5, na ikizidi 10 wanaanza kuogopa.

Angalia sasa jambo ambalo kilowati hazikuweza kunionyesha. Nguvu ilikuwepo, tena ilibaki. Mota ya wati 750 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika inatoa nguvu ya kuzungusha kama niutoni mita 2.4, na mimi nilihitaji chini ya 2. Mwendo nao ulikuwa hivi: kuvuta sentimita 30 kwa sekunde 0.6, pulei ya milimita 80, shafti inaanza polepole, inapanda, inashuka tena, na kileleni inafika mizunguko kama 240 tu kwa dakika. Nina mota inayoweza 3,000, naitumia 240! Mwendo wote ule ulikuwa unapotea bure, wakati giaboksi ingeubadilisha kuwa utulivu.

Maana inersha ya mzigo ikipita kwenye giaboksi inagawanywa kwa uwiano wake, kisha inagawanywa tena kwa uwiano ule ule. Giaboksi ya 1:5, tano mara tano ni 25. Ile 30 yangu inashuka kuwa 1.2. Mizunguko inapanda kutoka 240 hadi 1,200, bado mota iko raha. Niliagiza mota ya kawaida ya wati 750 iliyokuwepo dukani, giaboksi ya planetari (gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati) isiyo na pleyi, yaani meno yake hayachezi, na fundi wa lathe pale pale Gerezani akanichongea pulei mpya kwa siku moja. Siku moja! Nilikuwa nimengoja wiki tisa na kulipa pesa nyingi ili kuokoa pulei ya kuchongwa siku moja.

Mashine ile mpaka leo inafunga mifuko 30 kwa dakika na jina la mama liko katikati ya mfuko. Najivunia kazi ile. Lakini alipoongeza mashine ya pili hakunipigia simu, alimpa mtu mwingine, na nilizipata habari kwa dereva wa lori. Nimemwelewa. Bado inaniuma.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotaka kujenga mashine zetu wenyewe badala ya kuagiza kila kitu, nisikilizeni. Anza na mzigo. Kabla ya kumwandikia muuzaji yeyote, andika uzito wa kinachozunguka na kipenyo chake, umbali wa kwenda, muda wa kwenda na muda wa kupumzika. Muuzaji anayekuuliza kilowati peke yake anakuuzia chuma. Anayekuuliza mzigo, huyo mng'ang'anie. Halafu tafuta nguvu ya wastani kwa mzunguko mzima wa kazi, maana sevo nyingi zinaweza kutoa kama mara 3 ya nguvu yake ya kawaida, ila kwa sekunde chache tu. Ukiijengea hesabu kwenye ile mara 3, itakuungulia. Narudia tena: mzigo kwanza.

Pili, badilisha kilicho rahisi. Pulei, flenji na bamba la kufungia mota vinachongwa hapa hapa mtaani. Mota haichongwi mtaani. Mota ya kutengenezewa ikifa, kiwanda cha mteja kinasimama mpaka nyingine itoke ng'ambo, na wewe ndiye unayepigiwa simu saa kumi na moja alfajiri.

Sisemi usiagize kabisa. Zipo kazi zinazodai hivyo: nafasi finyu isiyoingia mota ya katalogi, mahali panapooshwa kwa maji ya presha kila siku, shafti yenye tundu la kupitisha nyaya. Hapo agiza, lakini chukua mbili kwa mpigo, dai mchoro wenye vipimo vyote, na uliza enkoda inaongea lugha gani. Enkoda nyingi zinasomeka na draivu za kampuni ile ile tu. Ukifungwa hapo, draivu ikifa na mota imekufa.

Umeme nao uangalie kwa macho yako. Draivu nyingi ndogo ni za volti 200 hadi 240, na viwandani kwetu fezi tatu ni volti 400. Nimeshuhudia kapasita za draivu zikipasuka kwa sababu fundi aliona tundu tatu za kuingizia umeme akaunga fezi zote tatu. Paneli isiyo na chujio kwenye feni nayo inajaa unga, na draivu inaiva taratibu.

Na wewe wa Arusha, hapo ulipo ni karibu meta 1,400 juu ya bahari. Vitabu vingi vya draivu vinahesabu uwezo kamili mpaka meta 1,000, kupanda zaidi hewa inakuwa nyepesi na haipoozi vizuri. Iringa nililipuuza hilo pia.

Nitumie urefu wa mfuko wako wa karanga, mifuko mingapi kwa dakika, kipenyo na uzito wa roli zako, na fezi ulizonazo. Muuzaji mwambie asubiri, usimlipe malipo ya awali. Kama una giaboksi yoyote hapo karakana, piga picha ya kibati chake uitume pamoja. Jumamosi mchana niko huru, tutaipiga hesabu pamoja kwenye simu.