Kadi ipi ya kulipia safari ya meli? Maswali ya wasomaji wa Kusini

Maswali ya mara hii yamejaa meli za kitalii, na nadhani chanzo ni korosho: fedha za mnada zikishaingia akaunti, watu huanza kuwaza mbali. Wengi wanaitazama Durban. Meli kubwa huondokea pale majira ya joto ya Afrika Kusini, takriban Novemba hadi Machi, na Mtanzania huingia nchi hiyo bila viza.

Nina kadi ya kawaida ya ATM. Inatosha kulipia meli, au lazima niwe na kadi ya mkopo? (Mkulima, Newala)

Kulipia nafasi, inatosha. Ikiwa na nembo ya Visa au Mastercard, na benki ikiwa imekufungulia malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi, basi. Uliza pia kikomo cha malipo kwa siku, maana hapo ndipo wengi hukwama: fedha ipo, kadi inakataliwa, mtu anadhani ametapeliwa.

Shida huanza siku ya kupanda. Melini soda hailipiwi kwa noti. Kila unachotumia huandikwa kwenye akaunti ya chumba chako, na akaunti hiyo imeunganishwa na kadi. Kila mara meli huiomba benki ishikilie kiasi fulani. Kwa mwenye kadi ya mkopo, kinachoshikiliwa ni nafasi yake ya kukopa. Kwako wewe ni fedha yako mwenyewe, na inaweza kubaki imeshikiliwa siku kadhaa, hata wiki mbili, baada ya kurudi nyumbani, ilhali bili halisi imeshakatwa. Kama kwenye akaunti hiyohiyo umeweka ada ya watoto na hela ya salfa ya mikorosho, utalia. Fungua akaunti ya pili, weka ya safari tu.

Na panga miezi. Kwa kawaida unalipa amana kwanza, kisha salio siku 60 hadi 90 kabla ya kuondoka. Anayelipa amana Juni akitegemea minada ya Oktoba imalizie salio la safari ya Novemba atachelewa, na amana nyingi hazirudishwi. Malipo ya msimu huu yakatie safari ya msimu ujao.

Afisa wa benki ananishawishi nichukue kadi ya mkopo kwa sababu ina pointi. Nikubali? (Mwalimu, Nachingwea)

Mwalimu, pointi, yaani zawadi unazokusanya kila ukilipa kwa kadi, ziweke kando. Kwa mtu anayesafiri mara moja kwa miaka kadhaa, pointi hazinunui hata chakula cha mchana. Muulize afisa huyo mambo haya: ada ya mwaka, siku ngapi bila riba, riba ya mwezi baada ya hapo, na asilimia wanayoongeza unapolipa kwa dola. Hiyo ya mwisho maafisa wengi hawaisemi mpaka wabanwe. Tuseme ni asilimia 3: kwenye safari ya shilingi milioni 4, umetoa 120,000 kabla hujaona bahari.

Kadi ya mkopo ina faida moja kubwa, ile niliyomweleza mkulima wa Newala: fedha yako haishikiliwi. Ichukue ikiwa una uhakika wa kulipa deni lote ndani ya siku zisizo na riba. Usiitumie kutoa taslimu wala kununua vibao vya kamari melini. Riba ya hizo mara nyingi huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo.

Je, kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, ile unayoijaza kutoka pochi ya simu? (Kijana, Masasi)

Kwa amana inafaa. Kwa siku ya kupanda hapana, maana makampuni mengi hutaka kuona kadi ya plastiki. Tena, safari ikifutwa, fedha hurudi kwenye kadi ileile iliyolipa. Ukiwa umeshaifuta na kutengeneza nyingine, utafuatilia fedha hiyo mpaka uchoke.

Mwanangu wa Dar anataka kunilipia kwa kadi yake, lakini yeye hasafiri. Itakubalika? (Mama, Shangani, Mtwara)

Shikamoo mama. Nauli atalipa bila tatizo. Matumizi ya ndani ndiyo yenye kazi: mwenye kadi hayupo, hivyo ajaze mapema fomu ya idhini ya kampuni ya meli. Au achana na kadi kabisa, ukifika uweke taslimu kaunta kama amana ya chumba. Meli nyingi hukubali, na inayobaki unarudishiwa. Kumbuka malipo ya wahudumu. Kwenye meli za kampuni kubwa za Marekani ni kama dola 15 hadi 20 kwa mtu kwa siku, na huongezwa kwenye bili bila kuulizwa.

Wakala ananiambia nitume fedha kwenye namba yake ya simu, atanipunguzia bei. (Muuguzi, Ndanda)

Usitume. Ukilipa kampuni ya meli kwa kadi na huduma isitolewe, unajaza fomu ya kupinga malipo benki kwako, na Visa au Mastercard wana utaratibu wa kuyarudisha. Kwa kawaida muda ni siku 120, kwa hiyo usikae na lalamiko. Benki ikikuzungusha, Benki Kuu ina dawati la malalamiko, na tawi lake lipo Mtwara mjini. Fedha iliyokwenda kwenye namba ya mtu binafsi haina njia hiyo.

Meli za watalii huja Kilwa. Siwezi kulipa nikapandia hapa? (Kilwa Masoko)

Kwa kawaida hapana. Zinatia nanga saa chache, abiria wanashushwa kwa boti kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani, kisha zinaendelea. Abiria hupanda kwenye bandari ya kuanzia. Andikia kampuni husika uulize, lakini usilipe amana kabla hujajibiwa kwa maandishi.