Kabla hujampa binamu laptopu yako: kubonyeza "futa" hakutoshi

Mkuu, umesema laptopu unampa binamu yako anayeanza chuo, umeshafuta mafaili yote na kumwaga kapu la taka, na unauliza kama kazi imeisha. Haijaisha. Huenda vingi bado vimo humo.

Mimi natengeneza na kuuza kompyuta zilizotumika hapa Dar, na kila mashine inayoingia naisafisha kabla haijakaa mezani. Humo nimekutana na hati za mishahara, picha za kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, vyeti vya kidato cha nne, mikataba ya viwanja, hata barua za talaka. Wenyewe wanaapa walishafuta. Na ni kweli walifuta, ila Windows ukiiambia ifute, faili lenyewe hailigusi. Inaondoa tu kumbukumbu ya mahali lilipo na kuihesabu ile nafasi kuwa huru. Kwenye diski za kizamani zinazozunguka, data zinabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Programu za bure kama Recuva au PhotoRec zinazirudisha, na mtoto wa sekondari anaweza kuziendesha.

Fomati ya haraka ni mambo yaleyale. Na wale wanaosema "nimeshapiga Windows mpya, iko safi": Windows mpya inakalia sehemu ndogo ya diski, kwingine kote ya zamani yametulia.

Hili si la Bongo peke yetu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha walichokikuta kwenye diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika. Walifanikiwa kusoma 129, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Kwenye zilizobaki walikuta vitu kama barua pepe, taarifa za hospitali, namba za kadi za benki. Na hao ni Wamarekani, ambao kompyuta zao zikichoka nyingine zinakuja kuwa mtumba wetu.

Sasa fanya hivi. Kwanza okoa unachokihitaji kama bado kipo, kiweke kwenye diski ya nje, kisha ukifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama kweli kinafunguka. Halafu angalia kama folda zako zimeungwa na OneDrive au Google Drive. Hapa watu wanalia: ukifuta picha ndani ya folda iliyoungwa, inafutika na kule mtandaoni, na ukiitafuta huko kupitia simu haipo tena. Toa akaunti kwanza, ndipo ufute.

Tukiwa kwenye akaunti: fungua WhatsApp kwenye simu, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, iondoe hiyo kompyuta. Ingia akaunti ya Google kupitia simu uiondoe huko pia, na ya Microsoft vilevile. Kama ni MacBook, zima "Find My" na utoke iCloud, la sivyo binamu atakutana na kufuli ambalo wewe tu ndiye unaweza kulifungua. Na usimpe nywila yako ya Windows "ili aanze nayo". Nywila zote ulizohifadhi kwenye Chrome, mwenye kuijua hiyo moja anaweza kuzisoma.

Baada ya hapo jua una diski ya aina gani, maana njia zinatofautiana. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua "Performance", na chini ya jina la diski utaona HDD au SSD (ile ya chipu, isiyozunguka).

Kama ni HDD, ile ya kuzunguka, umepata urahisi. Kwenye Windows 11 nenda Settings, System, Recovery, bonyeza "Reset PC", chagua "Remove everything". Usikimbilie kubonyeza Next. Ingia "Change settings", washa "Clean data". Hicho kitufe kidogo ndicho kinachofanya data za zamani ziandikwe juu yake, na wengi hawakioni. Ukiulizwa Windows itoke wapi, chagua "Local reinstall", kwa sababu ile ya kupakua inaweza kula zaidi ya GB 4 za bando. Diski ya TB 1 itachukua saa kadhaa, kwa hiyo anza usiku chaja ikiwa imechomekwa. Betri ikiwa imekufa, subiri siku yenye umeme wa uhakika.

Kuna watu watakwambia uandike juu ya diski mara 35. Hiyo inatokana na makala ya mtafiti Peter Gutmann ya mwaka 1996, aliyekuwa akizungumzia teknolojia za diski za enzi hizo. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ule wa 800-88, unasema kwa diski za kuzunguka za sasa, kuandika juu yake mara moja kunatosha. Mara 35 ni kuichosha diski na kuongeza bili ya umeme.

SSD ndiyo yenye ujanja wake. Chipu inayoiendesha inahamahamisha data yenyewe ili sehemu moja isichakae mapema, na ina nafasi ya akiba ambayo Windows haiioni kabisa. Ukiandika juu yake huna hakika umegusa kila kona. Njia ninayoipenda: washa BitLocker au "Device encryption" kama mashine yako inayo (zinasimba data, yaani zinaigeuza fumbo lisilosomeka bila ufunguo), na ukiulizwa, chagua isimbe diski nzima badala ya sehemu iliyotumika tu. Ikimaliza, ndipo ufanye ile Reset. Ufunguo ukishapotea, kilichobaki humo ni vurugu isiyosomeka. Laptopu nyingi za kiofisi za Lenovo, HP na Dell zina pia kifutio ndani ya BIOS (menyu ya mashine yenyewe, inayofunguka kabla Windows haijawaka), kitafute kwa jina kama "Secure Erase" au "Data Wipe". MacBook zenye chipu ya Apple au T2, kuanzia macOS Monterey, zina "Erase All Content and Settings", na inamaliza kazi kwa dakika chache.

Akitokea wa kukushauri uing'oe diski uivunje kwa nyundo, mimi sikubaliani naye. Kijana atahitaji diski, na mpya ni hela. Nyundo iachie diski iliyokufa isiyoweza kufutwa, na kama ni SSD hakikisha umevunja zile chipu nyeusi zenyewe.

Tena usimpelekee fundi ukamwambia "nifutie" ukaondoka. Mimi ni fundi na ndiyo nasema hivyo. Kaa uone, au fanya mwenyewe.

Ukimaliza, iache kwenye ukurasa wa kukaribisha, ule wa kuchagua nchi na lugha, binamu aweke akaunti yake mwenyewe. Leseni isikutie wasiwasi: kama Windows ilikuwa halali, itajitambua yenyewe akiingia intaneti. Kagua na tundu la kadi ya kumbukumbu, watu husahau kadi humo.

Ukikwama kwenye BIOS, andika modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini, nikuelekeze kitufe cha kuingilia.